Mama Chaki na Petroli Isiyoacha Tone

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi. Fundi amechuchumaa kwenye sakafu ya saruji, anaponda vipande vya chaki ndani ya kitambaa kwa mgongo wa nyundo. Hana haraka. Anaponda kama mtu anayesaga dawa ya mgonjwa wake mwenyewe.

Mbele yake kuna gari la rangi ya maziwa, umri wake miaka thelathini na nane, boneti wazi. Injini imesuguliwa kwa brashi, imefutwa kwa kitambaa, imepulizwa kwa pampu ya baiskeli mpaka kwenye mikunjo ambako kidole hakiingii. Sasa anainuka, anachovya brashi ya kunyolea ndevu kwenye ule unga, anaanza kuipaka injini nzima: kabureta, pampu ya petroli, mipira, nati, vibano. Baada ya dakika kumi injini imekuwa nyeupe kama uso wa mtu aliyepasukiwa na mfuko wa saruji.

"Leo utasema," anaiambia. "Utake usitake."

Gari linavuja petroli na hakuna anayejua inavujia wapi. Harufu ipo, tone halipo. Na kesho, Ijumaa, saa tatu kamili asubuhi, gari hili linatakiwa liwe limemfikisha hospitali mama wa miaka sitini na tisa ambaye figo zake zimeacha kazi.

Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Kutoka nyumbani kwake hadi kwenye ile mashine ni kilomita arobaini na mbili. Akikosa siku moja, miguu inavimba. Akikosa mbili, maji yanapanda kifuani na pumzi inakuwa ya kuazima. Mabasi waliyajaribu: ni mawili ya kubadilisha, na yote yana ngazi ndefu. Mara ya pili alizimia kituoni.

Limebaki gari. Na gari linalomwaga petroli juu ya injini ya moto si gari, ni kiberiti chenye magurudumu.

Fundi anayepambana nalo ni mwanamke wa miaka hamsini na minne. Jina lake la nyumbani hapa halitumiki. Mtaa mzima unamwita Mama Chaki, kwa sababu ya unga huu. Vipande anavipata shule ya msingi ng'ambo ya barabara. Walimu humtunzia vile vifupi visivyoshikika tena, kwenye kopo la rangi.

"Petroli ni mwizi," anasema huku akipuliza brashi. "Inapita, inakauka, inaondoka. Lakini ikipita kwenye chaki inaacha njia. Mwizi hapiti kwenye majivu bila unyayo."

Gereji yake ni paa la mabati juu ya nguzo sita, ukuta mmoja wa matofali nyuma, na benchi la mbao. Wiki nzuri anatengeneza magari matano. Wiki mbaya ni moja, na siku nyingine zote ni kunoa patasi na kusalimiana na wapita njia. Kibao hana. Alichokuwa nacho halmashauri walikuja kuking'oa, wakidai kwamba neno "fundi" haliandikwi na asiye na cheti.

Tusimung'unye maneno hapo, maana ndipo kisa kizima kilipolala.

Mwenye gari ni dereva mstaafu wa miaka sabini na mitatu. Aliendesha lori la mafuta miaka thelathini na mmoja bila kuligongesha hata kwenye nguzo. Gari hili alilinunua mwaka wa mwisho wa kazi. Mkewe, yule mama wa figo, analiita mke mwenza.

"Huyu mke mwenza wangu anakunywa kuliko anavyokula," mama anasema, na kicheko kinamtoa kikohozi. "Na analala chumba kizuri kuliko changu. Yeye ana turubai."

Harufu ilianza miezi minne iliyopita. Wa kwanza kuilalamikia alikuwa mama. Mumewe hakuinusa, na hadi leo hainusi.

"Mimi nanusa kitunguu, nanusa mvua," anasema mzee. "Petroli sinusi tena. Miaka thelathini na mmoja nimekaa nayo mgongoni. Hii pua ilistaafu kabla yangu."

Alilipeleka kwanza kwenye karakana kubwa ya mjini, ile yenye kuta za vioo, sakafu inayong'aa na mashine ya kukupa kahawa wakati unangoja. Vijana waliovaa sare safi walilipokea wakatafuta mahali pa kuchomeka kompyuta. Walizunguka mbele, wakazunguka nyuma, wakaangalia chini ya usukani. Gari la umri ule halina tundu la kompyuta. Lina tundu la funguo tu.

Walibadilisha mipira yote ya mafuta. Harufu ikabaki. Mara ya pili walikaza vibano na kubadilisha kifuniko cha tanki. Harufu ikabaki. Mara ya tatu walimpa mzee karatasi yenye muhuri na maneno matatu: "Uvujaji haukuonekana. Halifai."

Mzee aliikunja akaiweka ndani ya kitambulisho chake cha ustaafu. "Nilipoisoma nikajiona mimi ndiye niliyeandikwa," anasema.

Sasa sikiliza walivyofanya kazi, maana hawakuwa wavivu. Pale gari hupokelewa jioni, hulala, na hukaguliwa asubuhi likiwa la kwanza kwenye foleni. Kila mara lile gari lilikaguliwa likiwa baridi kama jiwe la mtoni. Wakaliwasha dakika tano, wakachungulia, wakaona pakavu, wakazima. Ndio utaratibu wao, umeandikwa na kubandikwa ukutani ndani ya fremu. Msimamizi wao, alipopigiwa simu na gazeti hili, alisema gari la umri huo lina "mengi yasiyojulikana".

Mengi yasiyojulikana kwa nani?

Mama Chaki hakusomea ufundi. Alifagia. Akiwa na miaka kumi na minane aliajiriwa kwenye karakana ya mabasi ya umma, na kwenye daftari akaandikwa "usafi". Mafundi walimpa jina la Ufagio. Wafagiaji walikatazwa kushika spana. Lilikuwa tangazo, limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa stoo. Mwaka wa tatu akahamishiwa kwenye beseni la kuoshea vipuri. Hapo alikaa miaka kumi na mmoja, mikono ndani ya mafuta ya taa, akisugua kabureta zilizoletwa zimefunguliwa na kuzirudisha zinang'aa.

"Walinikataza kushika spana," anasema. "Hawakunikataza kuangalia. Kabureta ikija mezani kwangu ilikuwa vipande arobaini. Mwezi wa sita nilikuwa navijua vyote gizani. Mwaka wa pili nikawa najua kila kipande kimekosa nini kabla fundi hajaja kukichukua. Nilikuwa nasema kimoyomoyo: hiki kimelika, hiki kimepinda. Halafu nasikia kule wanabishana saa nzima."

Aliwahi kumwambia mtu?

"Mara moja. Nilimwambia fundi mkuu, bwana, hii sindano ya kabureta imelika ncha. Akaniambia, 'Ufagio, takataka ziko kule.' Jioni basi lilirudi likivutwa na jingine. Sindano ile ile. Hakunisalimia wiki mbili. Kosa likawa langu, la kujua."

Karakana ile ilifungwa. Wengi wamesahau mwaka, wengine wanajifanya wamesahau. Watu mia mbili na kumi na wanne walipewa barua ya mistari mitatu. Mafundi walipewa pia bahasha ya kaki yenye cheti cha utumishi, ili waombe kazi mahali pengine. Wafagiaji na waoshaji vipuri, wanawake ishirini na sita, walipewa mche mmoja mmoja wa sabuni. Aliyesaini barua zile aliagwa kwa hafla na akapewa saa ya ukutani. Haya hayakuandikwa popote, basi na yaandikwe hapa.

Mama Chaki alikwenda na sabuni yake sokoni akaiuza. Pesa aliyoipata alinunulia spana mbili zilizotumika, namba kumi na namba kumi na tatu. Anazo mpaka leo, midomo imelika lakini hazitupi.

Hapa mtaani alianza kwa kuosha kabureta tu. Halafu akaanza kuzirudishia. Halafu watu wakaanza kumuuliza. Leo, gari lenye kabureta likisumbua, hata mafundi wenye bahasha za kaki humletea, wakipitia uchochoro wa nyuma.

Mzee alimletea gari lake Jumatatu mchana, baada ya kumrudisha mke kutoka hospitali. Na hapo Mama Chaki naye alikosea. Kosa lake hataki lifichwe.

Ana sheria yake, miaka ishirini anaifuata: injini haiguswi mpaka ipoe kabisa. Gari likifika leo linalala, linaguswa kesho. "Injini baridi haidanganyi," ndio msemo wake. Sheria hiyo imemuokoa na vidole vilivyoungua na moto uliowaka kwa majirani zake wenye pupa. Jumanne asubuhi akafungua boneti, akaona doa la unyevu uliokauka juu ya pampu ya petroli, ile inayokaa ubavuni mwa injini. Akasema, nimekukamata. Akaitoa pampu, akafunga nyingine, akaosha mikono.

Jumatano mzee akampeleka mkewe hospitali. Walipitia gereji wakati wa kurudi. Mzee akashuka akiwa na uso wa mtu anayeleta habari za msiba.

"Vipi, mzee wangu? Harufu ipo?"

"Mimi sijui, mwanangu. Yeye ndiye anayesema ipo."

Mama Chaki alikwenda kwenye benchi, akaifungua ile pampu aliyoitoa, akakagua ngozi ya ndani kwenye mwanga. Nzima. Haina hata mkwaruzo.

Kwenye ukuta wa matofali kuna misumari, na kwenye misumari vimening'inia vipuri kumi na saba, kila kimoja na kipande cha kadi. Mgeni hudhani ni vya kuuza. Ni makosa ya Mama Chaki mwenyewe. Kila kipuri alichokihukumu bure anakitundika hapo kwa muda, mbele ya wateja, na maelezo kwa mkono wake. Siku hiyo akatundika cha kumi na nane: "Pampu nzima. Niliona doa, sikuuliza lilikotoka." Ile pampu mpya ikabaki kwenye gari, kwa gharama yake mwenyewe.

Kuna karakana gani yenye vioo inayoweza kufanya hivyo? Pale vioo ni vya kutazama nje.

Halafu akafanya jambo ambalo kwa miezi minne hakuna fundi aliyelifanya. Alizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akachuchumaa. Mama alikuwa amejilaza kiti kizima, mto chini ya shingo, mkono wa kushoto umefungwa bandeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii harufu inaanza saa ngapi?"

Mama alimtazama muda mrefu. "Unaniuliza mimi?"

"Wewe ndiye unayelala nayo."

"Miezi minne hili gari linafunguliwa na kufungwa," mama alisema. "Wameulizwa wenye gari, imeulizwa kompyuta. Mimi niko hapa nyuma kama furushi. Wewe ndiye wa kwanza."

"Samahani sana, mama. Mimi mwenyewe nimechelewa siku mbili."

"Basi sikiliza. Tukitoka nyumbani hakuna kitu. Tunapita sokoni, hakuna. Tunapanda kilima cha tanki la maji, hakuna. Tukifika mbele ya zimamoto, hapo ndipo inaingia. Kila siku hapo hapo. Nikamwambia huyu baba, hili gari lina akili, limechagua pa kuwakia."

Mzee, aliyekuwa amesimama nyuma, aliguna. "Hujaniambia habari za zimamoto."

"Nilikwambia. Ulikuwa unasikiliza taarifa ya habari."

Mama Chaki alikuwa ameshasimama. Kutoka nyumbani kwao mpaka zimamoto ni dakika ishirini na tano, nusu yake mlima. Ni muda wa injini kupata moto sawasawa. Basi uvujaji huu ni wa moto. Baridi haupo. Na petroli ikitoka juu ya chuma cha moto haidondoki: inageuka mvuke papo hapo, inaingia ndani ya gari kama harufu, chini hakubaki kitu. Karakana ya vioo iliitazama baridi kwa utaratibu wao. Yeye aliitazama baridi kwa sheria yake.

"Sheria yangu ndiyo iliyomficha huyu mwizi," anasema leo, brashi mkononi. "Kitu unachojivunia ndicho kinachokufumba macho. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilikuwa nimeacha kuuliza."

Ndiyo sababu asubuhi hii injini ni nyeupe. Mpango ni kuendesha mpaka pale pale; nyumba yao iko jirani na gereji, kwa hiyo njia ni ile ile.

Mama anataka kwenda. Ameletwa na mzee, amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, na tayari ameshika mto wake.

"Wewe unabaki, mama," fundi anamwambia.

"Jana nilipanda. Jumatatu nilipanda. Leo ndio umeona mimi mgonjwa?"

"Umeshatoa ushahidi. Shahidi hapandishwi gari moja na mshtakiwa."

Mama anacheka, anampa mto. "Basi laza kichwa nilipokuwa nalaza mimi. Kulia, karibu na mlango."

Mzee anashika usukani. Mama Chaki anaingia nyuma, analala kulia, mto chini ya shingo, ndoo ya mchanga miguuni, mtungi wa kuzimia moto tumboni kama mtoto. Kwa majirani wa gereji ni sinema ya bure. Fundi wa matairi anapaza sauti: "Mama Chaki, umelazwa?" Anajibiwa kwa kidole kimoja kinachoashiria anyamaze.

Soko linapita, hakuna kitu. Kilima cha tanki la maji, gia ya pili, injini inanguruma, hakuna kitu. Macho ya mzee yanapanda kwenye kioo na kurudi barabarani.

Ukuta mwekundu wa zimamoto unatokea upande wa kushoto. Na harufu inaingia. Inakuja polepole, inapita kwenye matundu ya hewa, inakaa puani kama sarafu.

"Zima, mzee wangu! Hapa hapa!"

Gari linaserereka mpaka mbele ya geti lenye maandishi ya kukataza kuegesha. Mama Chaki ameshatoka, mtungi mkono mmoja, boneti mkono mwingine. Askari wa zimamoto anatoka mbio.

"Mama, hapa hapaegeshwi!"

"Najua, baba. Nikiwaka nitakuwa nimewapunguzia safari."

Askari anakwenda kuleta mtungi mkubwa zaidi na kusimama naye.

Injini inatoa joto linalochezesha hewa. Chaki iko vile vile, nyeupe kote. Kwenye pampu, nyeupe. Kwenye mipira mipya ya karakana ya vioo, nyeupe. Mama Chaki anainama, anapitisha macho kipande kwa kipande, midomo ikihesabu bila sauti, kama zamani kwenye beseni.

Halafu anaacha kuhesabu.

Juu ya kabureta, mahali mpira wa mafuta unapoingia, kuna kibomba kifupi cha shaba, urefu wa kifundo cha kidole. Kuzunguka shina lake kuna pete ya kijivu iliyooshwa safi, na kutoka kwenye pete mstari mwembamba kama uzi unashuka ubavuni, unaelekea kwenye pampu. Chini ya mstari huo, umbali wa kiganja, zinapita nyaya za plagi.

Anakishika kibomba kwa koleo, kwa kitambaa, anakizungusha kidogo. Kinazunguka. Kinatoka mkononi mwake kama jino la mtoto.

Mzee anakalia ukingo wa barabara. "Kilikuwa kimeshikiliwa na nini?"

"Na Mungu," anasema Mama Chaki. "Na mazoea."

Maelezo ni mepesi, na fundi anayatoa mbele ya askari watano ambao sasa wamejaa getini. Kifuniko cha kabureta ni cha alumini. Kibomba ni cha shaba, na kiwandani hakikufungwa kwa hesi, ile mikato ya skrubu, kilishindiliwa tu. Alumini ikipata moto inatanuka kuliko shaba. Miaka thelathini na nane ya kutanuka na kusinyaa, tundu limelegea. Gari likiwa baridi, tundu linakibana kibomba, hakuna uvujaji. Likipata moto linakiachia, petroli inapenya pembeni. Siku moja kingechomoka chote mlimani, na pampu ingeendelea kumwaga petroli juu ya nyaya za plagi.

"Miezi minne?" askari anauliza.

"Mara tatu kwa wiki," mzee anajibu.

Gari linavutwa kurudi kwa kamba. Mama Chaki hataki liwashwe tena. Saa nne na nusu kifuniko cha kabureta kiko juu ya benchi. Jirani yake, fundi wa mashine ya kukereza vyuma ambaye kwa uchache wa maneno anaitwa Kimya, anakigeuza geuza.

"Gundi," anasema Kimya. Kwake hiyo ni hotuba.

"Gundi na petroli ni kama wakwe," Mama Chaki anamjibu. "Wanaheshimiana siku mbili. Nikerezee kipya, shaba, kichwa chake na hesi. Mimi nitakata hesi kwenye tundu."

Kimya anawasha mashine. Nyuzi za shaba zinaruka, zinajikunja sakafuni. Mama Chaki anakata hesi ndani ya alumini kwa mkono: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta, nusu mbele. Kazi ya kukosea mara moja tu. Ukilazimisha, alumini inapasuka, na kifuniko cha gari la umri huu hakipo dukani, kwa hiyo kesho haipo.

Mama, kwenye kiti cha plastiki, ameacha mizaha. Anautazama ule mkono unaozunguka. Kila mzunguko ni kilomita zake arobaini na mbili.

Saa nane mchana kibomba kimeingia, kimekazwa, kimeoshwa mpaka unga wa mwisho wa chuma umetoka. Kabureta imerudi mahali pake. Injini inapakwa chaki upya, na safari inarudiwa, soko, kilima, zimamoto. Safari hii askari wanafungua geti wenyewe.

Boneti inainuka. Injini ni moto, na ni nyeupe. Mama Chaki anapitisha kidole kuzunguka shina la shaba, anakionyesha. Kikavu, cheupe. Hapigi kelele wala haruki. Anavuta pumzi ndefu kwa pua, mara tatu, na mabega yake yanapanda juu kuliko yalivyokuwa wiki nzima.

"Nipe karatasi yao," anamwambia mzee. Ile yenye muhuri. Anaigeuza na kuandika nyuma, kwa penseli: "Uvujaji umeonekana." Anamrudishia.

Ijumaa saa tatu kasoro dakika kumi na mbili, gari la rangi ya maziwa linaingia kwenye ua wa hospitali. Mama alilala usingizi njia nzima. Mzee anasema walipopita zimamoto alimwamsha kwa makusudi, amuulize.

"Nikamwambia, unasikia kitu? Akaniambia, nasikia dereva anayeongea sana."

Mama Chaki amewatangulia kwa basi, yuko kwenye benchi la korido, bahasha mkononi. Ndani kuna fomu ya mtihani wa ufundi wa serikali, vitendo na maswali. Ameiomba mara tatu maishani. Mara ya kwanza walisema hana cheti cha shule. Mara ya pili walisema umri umepita. Mara ya tatu walisema fomu imepotea, njoo mwakani. Mwaka huu masharti yamebadilika: asiye na cheti aweza kufanya, akiwa na watu watatu wa kumshuhudia kazi yake kwa maandishi. Hayakubadilika kwa huruma ya mtu. Waosha vipuri na wachomeleaji wasio na karatasi walikaa nje ya ofisi ile siku kumi na moja, na yeye alikuwamo.

Mtihani ni baada ya wiki sita. Akifaulu, ataruhusiwa kisheria kufundisha. Orodha anayo tayari: wanawake wanne wanaofagia kwenye karakana za mjini, mmoja wao kwenye ile ya vioo. Ataanza nao Jumapili ya kwanza baada ya matokeo, na somo la kwanza halitakuwa spana.

"Nitawafundisha kwenda mlango wa nyuma na kuuliza," anasema. "Spana inafundishika na mtu yeyote."

Kimya ameshasaini. Mteja mwingine ameshasaini. Nafasi ya tatu iko wazi. Mama, amelala kitandani, mashine inanguruma pembeni, damu yake inatoka na kurudi, anaomba kalamu. Mkono ulio huru ni wa kulia, bahati nzuri. Anaandika jina lake kwa herufi kubwa. Kisha anafika kwenye mstari unaouliza cheo cha shahidi.

"Hapa niandike nini? Mimi sina cheo."

"Andika ukweli tu, mama."

Mama anafikiri, kalamu hewani. Halafu anaandika, polepole: "Nimefika."